Birika la Tumu

Jumanne, 8 Aprili 1986

Mwalimu Priscilla wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, ametugawia madaftari. Kasema kila siku tuandike tarehe, kisha jambo moja, mpaka masika yaishe. Nilimwuliza, "Jambo la nani?" Akanijibu, "Lako, nyanya." Mimi si nyanya yake. Yeye ametoka Vitengeni, mimi ni Mishi binti Abdillahi wa hapa Mambrui, na nina umri wa kumzaa mamake. Lakini kalamu kanishikisha yeye, basi naandika.

Jambo la leo: birika la maji ya mvua halijakwanguliwa. Masika yako mlangoni na mjukuu wangu Awadh hana habari.

Jumatano, 9 Aprili

Joto. Awadh kasema kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Awadh kasema kesho.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo baada ya sala nimemshika shati nikamteremsha kwenye birika mwenyewe, na ngazi nikaiondoa asitoke mapema. Birika letu liko chini ya ua. Lina urefu wa vyumba viwili, na kina cha mtu kumsimamia mwenziwe mabegani. Alilijenga babu yake marehemu mume wangu, kwa mawe na chokaa. Mvua ikipiga mabati, maji hupita kwenye mlizamu, ule mfereji wa paani, yakaingia humo, na ndiyo tunayokunywa mpaka vuli. Visima vya hapa vyote ni chumvi. Kila mwaka kabla ya masika lazima likwanguliwe na kupakwa chokaa upya.

Alikwangua kidogo, kisha kimya. Nikadhani kazirai. Nikainama mdomoni mwa birika nikaita. Hakujibu. Nikasikia mtu anaimba kule chini, sauti nene, inazunguka, kama watu wanne. Ni yeye peke yake.

"Unafanya nini huko, ewe mpumbavu?"

"Bibi, nyamaza kidogo! Niache nisikie!"

Mimi kuambiwa ninyamaze uani kwangu. Ngazi nimeirudisha wakati wa Magharibi.

Jumapili, 13 Aprili

Awadh hatoki tena kwenye birika. Nilikuwa nikimbembeleza aingie, sasa nambembeleza atoke. Amepaka chokaa mara mbili, kuta zimekuwa laini kama ganda la yai. Leo alipiga kofi moja humo ndani, akahesabu kwa sauti mpaka kofi likafa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Sita, Bibi! Umesikia?"

"Nimesikia mtu mzima akipiga makofi shimoni."

Akanieleza. Yeye hutengeneza redio Malindi, na hunakili kaseti. Kasema kaseti za Mombasa zinapendwa kwa sababu sauti ya mwimbaji hukaa hewani neno likisha kwisha. Wenye studio wana sanduku lenye springi ndani. Sauti huingia upande huu, ikatikisika, ikatokea upande wa pili na mwangwi wake.

"Springi kama za kitanda?"

"Kama hizo, ila ndogo."

"Basi na waimbe kitandani, wapunguze gharama."

Tumu alicheka mpaka akashika kifua.

Tumu ni mwanangu, mamake Awadh. Nilizaa watano, amebaki yeye. Miaka ishirini harusi za kutoka hapa hadi Gongoni aliziimba yeye, nyimbo anatunga mwenyewe kichwani, na hakuna hata mmoja uliomo kwenye kaseti. Sasa daktari kasema mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa. Asibebe ndoo, asipande ngazi, asiimbe ukumbini. Anaimba hapa nyumbani, kidogo kidogo, na kila mwezi sauti inapungua. Awadh anataka kuzinasa nyimbo nne kabla haijaisha kabisa. Na sanduku la springi hana. Ana birika langu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekataa. Birika ni la maji.

Jumatano, 16 Aprili

Tumu alikaa nami jikoni tukichagua mchele. Miguu yake imevimba, viatu haviingii.

Kasema, "Mama, nikiimba chumbani naisikia sauti yangu inaniangukia miguuni. Jana niliinama pale kwenye birika nikakohoa tu, nikasikia mtu mwenye afya yake."

Nikamwambia sauti ya kuvishwa nguo si sauti. Mimi niliimba harusi mia, bila kipaza sauti, bila springi, bila shimo, na walionisikia wako hai.

"Ulikuwa ukisimama wapi, mama?"

"Popote."

"Hukusimama popote hata siku moja. Ulikuwa ukiwasukuma watu mpaka uipate kona, kuta mbili za mawe, uso ukutani. Nilikuwa mdogo lakini na macho yangu."

Nikamwambia mchele wake bado una mawe.

Desturi yetu, mvua mbili za kwanza huachwa zioshe paa, mlizamu ukageuzwa nje. Ya tatu ndiyo huingizwa birikani. Jioni nilimwita Awadh nikamwambia mwaka huu mlizamu utakaa nje mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ramadhani haurikodiwi wimbo hapa kwangu, na baada ya hapo birika ni langu. Tumu alinibusu mkono. Nimetoa neno langu, na naliandika hapa.

Jumamosi, 19 Aprili

Wamefanya wimbo wa kwanza. Kiponda kaja na kinanda chake cha kuvuta upepo. Yeye ni kibarua wa chumvi Gongoni, ana vidole vilivyopasuka kwa chumvi lakini kinanda kinamtii.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza Tumu anaimba chumbani, kaketi, na sauti inaingia kwenye kaseti ikiwa kavu. Kisha Awadh anateremsha spika birikani kwa kamba, kona hii, na kona ya pili ananing'iniza maikrofoni. Anaipiga ile kaseti, birika linaimba, na redio nyingine inanasa vyote viwili, ile kavu na ile ya birikani. Umeme ni wa betri la gari. Mtu haruhusiwi kukohoa, kuku wamefungiwa chooni.

Walipoirudisha tusikilize, wote walikuwa wanatabasamu kama wameona mwezi. Mimi sikusikia neno hata moja. Ni mawimbi matupu.

"Maneno yako wapi?" niliuliza.

Awadh kasema, "Ndiyo mtindo, Bibi."

"Mtindo wa kuzama? Mwanamke katunga beti, wewe umezitia majini. Neno lifike kwanza, likae, ndipo huo mwangwi uje nyuma yake. Kivuli hakimtangulii mtu mlangoni."

Tumu alinitazama. "Msikilize bibi yako," kamwambia mwanawe. Wakapunguza. Wakarudia mara tatu. Ya tatu nilisikia kila herufi, na kila neno likaacha kitu nyuma yake, kama udi mtu akishapita. Nilikwenda kuwafungulia kuku.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya kwanza. Imeosha paa. Mlizamu nje.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua ya pili. Wamefanya wimbo wa pili kabla haijaanza. Mabati yakilia hakuna kurikodi, wanakaa tu wanatazama dari. Tumu alilala mchana kutwa baada ya kuimba. Hakula.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ya tatu. Hii ndiyo yetu, na ilipita mbele ya macho yangu ikaenda njiani. Jirani yangu Kadii kasimama dirishani kwake, mapipa yake yamefurika, akaniita, "Bi Mishi, maji yako yanakimbia hivyo, yana kesi?"

Nikamwambia atazame mume wake anakokimbilia kwanza. Lakini iliniuma.

Jumatano, 30 Aprili

Mwalimu Priscilla kasoma daftari langu, kaweka alama nyekundu na kuandika, "Vizuri. Andika na unavyohisi." Ninavyohisi yamhusu nini?

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Mlizamu nje. Mtungi wa mwisho umefika katikati. Nimenunua maji ya mkokoteni, mimi mwenye birika, msimu wa mvua. Mchukuzi mwenyewe alicheka.

Ijumaa, 2 Mei

Wimbo wa tatu umekwisha. Mvua usiku na mchana. Mlizamu nje.

Jumapili, 4 Mei

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, basi mwalimu asinilaumu kwa mwandiko.

Nilikuwa nikipita dirisha la Tumu na kapu la nguo. Alikuwa akiufanyia mazoezi wimbo wa nne na Kiponda. Wimbo huu alikuwa amenificha. Kila nikiuliza anasema, utausikia ukiwa tayari. Leo nimeusikia.

Nyumbani kwetu ni moto, usiozimwa kwa maji,
Aamkapo ni joto, asikia mpitaji.

Na Kiponda anacheka! Sikungoja zaidi. Nimejua ni nani huyo aamkaye na joto. Mimi, mamake, niliyempokea na kumlea na mwanawe, natiwa kwenye kaseti niuzwe Malindi, wanichekee wenye maduka. Wanawake huimbana mafumbo harusini, nami nimewaimba wengi, najua fumbo ni nini. Lakini mtu hamwimbi mamake.

Sikumwambia kitu. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimekasirika nikanyamaza.

Jumatatu, 5 Mei

Alfajiri wingu lilikuwa jeusi upande wa bahari. Nilichukua mti wa kusukumia, nikageuza mlizamu ndani.

Ilinyesha kuanzia saa moja mpaka adhuhuri. Nilikaa barazani nikisikiliza maji yakishuka birikani. Nilijiambia ni kwa ajili ya kiu. Nilijiambia neno langu halikuwa na maana ya kutuua. Nilijiambia mengi.

Jumanne, 6 Mei

Wamejua.

Awadh alileta spika saa tatu asubuhi, mvua imetulia. Tumu alikuwa amekwisha kuimba, chumbani, mara moja tu. Kasema ya pili hawezi. Mimi nilikuwa uani nikianika, sikujua kama wanarikodi, hawakuniambia wala mimi sikuuliza. Awadh alifunua kifuniko cha birika, akasimama na kamba mkononi.

"Bibi. Kuna maji."

"Birika hutiwa nini? Asali?"

"Ulisema mpaka mwezi uandame. Zimebaki siku nne, Bibi! Siku nne!"

"Na mimi nimekunywa maji ya mkokoteni siku ngapi?"

Aliteremsha spika hivyo hivyo, juu juu ya maji. Yalikuwa yamefika kiunoni mwa mtu. Mlizamu ulikuwa ukidondosha, na kila tone linapasuka kule chini kama mtu anagonga sufuria. Sauti ilirudi fupi, imekabwa. Alipiga kofi lake. Moja, mbili, basi.

Tumu alitoka akashika ukuta. Alitazama mlizamu, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba anajua. Nilitaka apige kelele. Nilikuwa na majibu yangu tayari, nimeyapanga tangu jana.

Kasema tu, "Basi uache mkavu, Awadh. Tutautia kaskazi, birika likikauka."

Mpaka kaskazi ni miezi saba. Nilimtazama miguu yake, na shingo yake inavyopiga. Awadh alikunja waya wake akaenda Malindi bila kuniaga.

Jumamosi, 10 Mei

Ramadhani imeingia. Tumu hafungi, daktari kamkataza. Anaona haya, anakula kajificha.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Birika limejaa nusu.

Jumamosi, 17 Mei

Tumu hawezi kulala chali, pumzi zinakata. Tumempangia mito mitatu. Kasema anasikia maji kifuani mwake. Nilitoka nje.

Jumanne, 20 Mei

Awadh kamchukua hospitali Malindi. Alipopakiwa garini alinishika mtandio akaniambia, "Mama, usigombane na Kadii nikiwa sipo. Ningoje, tugombane naye pamoja."

Ijumaa, 23 Mei

Nilikwenda kumwona. Nilimpikia uji wa mtama, kanywa vijiko vitatu. Nilikuwa nimeazimia kumwomba radhi juu ya birika. Wodi ilikuwa na watu wengi, na muuguzi mmoja alinikemea eti nimekaa kitandani. Tukagombana. Saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Nitamwambia Jumatano.

Jumatano, 28 Mei

Tumu amefariki alfajiri. Amezikwa leo baada ya Adhuhuri.

Alhamisi, 29 Mei

Watu.

Ijumaa, 30 Mei

Watu. Wanakunywa maji ya birika. Wanasema ni matamu.

Jumatatu, 9 Juni

Idi. Awadh kanivalia kanzu kaja kunipa mkono. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 15 Juni

Mwalimu Priscilla kaja nyumbani kwa miguu, matope mpaka magotini. Kakaa chini kwenye mkeka, hakuuliza daftari. Aliosha vyombo vyangu vyote. Nilimwambia masufuria hayaoshwi hivyo, akaosha upya. Anajua kunyamaza yule mtoto. Sikulijua hilo.

Jumamosi, 21 Juni

Mwalimu, ukurasa huu usiusome.

Awadh kaja na redio kaseti. Kasema watu wa mtaani wamemwambia asizitoe nyimbo, maiti hafai kuimba. Kasema nyimbo tatu anazo tayari, na ule wa nne ni mkavu, na hajui afanye nini. Anataka neno langu. Nilimwambia, "Neno langu mimi? Ulishaona linavyokaa."

Akaniambia, "Bibi, wimbo wa nne uliusikia wote?"

"Nilisikia wa kutosha."

"Uliusikia wote?"

Akabonyeza.

Kwanza ni kinanda cha Kiponda. Kisha mwanangu akavuta pumzi. Kwenye zile nyimbo tatu pumzi hazisikiki, birika limezifunika. Kwenye huu mkavu zinasikika zote. Kila mstari anauvutia pumzi mbili, kama mtu anayepanda ngazi. Akaimba ule ubeti niliousikia dirishani. Kisha, kabla ya ubeti wa pili, nikasikia kwa mbali mtu anafoka.

"Nani kaacha ndoo juani? Nani? Nyumba hii ina watu au ina mbuzi?"

Ni mimi. Nilikuwa uani nikianika.

Na Tumu akacheka. Kicheko kidogo cha puani, kile chake. Akavuta pumzi akaendelea.

Nikarudi na mtoto, bila nguo bila mji,
Nikaota ule moto, ndio wangu mfariji.

Awadh alizima. Nikamwambia awashe. Akawasha. Nikamwambia arudishe. Alirudisha mara tano, sita, sijui.

Ni kweli alirudi. Mumewe wa Malindi alimwacha, akaja na Awadh wa miezi miwili kwenye leso moja. Nilimgombeza siku hiyo tangu mlangoni mpaka kitandani. Nilimgombeza nikimwosha mtoto, nikamgombeza nikimpikia. Nilimwambia hii ndiyo faida ya kuolewa na mwanamume mwenye pomedi. Alikula, akalala siku mbili. Sikujua kwamba alikuwa akinisikia. Yaani sikujua alisikia nini.

Nilisimama dirishani nikasikia nusu. Kama ningetua lile kapu chini nikangoja pumzi mbili tu, mlizamu ungekuwa nje, na wimbo ungepata mwangwi wake, na yeye angeusikia kabla hajaenda hospitali. Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka kingine.

Na alipouona mlizamu umegeuka, alijua kwa nini nimeugeuza. Alinijua. Alikuwa na haki ya kuniambia, "Mama, sikiliza ubeti wa pili." Hakuniambia. Labda pumzi hazikutosha. Labda alitaka niusikie na mwangwi wake, ukiwa umekamilika, kama zawadi.

Awadh kaniuliza, "Ile sauti yako niikate, Bibi? Naweza kuikata."

Nikamwambia anipe siku nifikiri.

Jumanne, 24 Juni

Mvua zimekwisha. Wingu limekuwa jeupe. Birika limejaa mpaka shingoni, mwaka mzuri kuliko yote tangu mume wangu alipofariki. Maji ya kutufikisha vuli na ziada.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefikiri sana. Arobaini ya Tumu ni Jumapili ya kwanza ya Julai. Kila mtu hapa anajua kwamba sadaka ya maji ndiyo sadaka impendezayo maiti. Nitatoa maji.

Jumapili, 6 Julai

Hitima imesomwa asubuhi. Kisha nikasimama barazani nikasema kwa sauti yangu ile wanayoijua, kwamba birika la Tumu liko wazi, kila mwenye chombo aje achote, bure, mpaka tone la mwisho.

Kadii kasema, "Mpaka la mwisho? Utakunywa nini, Bi Mishi?"

"Ya mkokoteni. Njoo na pipa lako, na leo usiseme neno."

Hakusema. Alikuja na pipa, na akalia akichota, na mimi nikamwacha. Sijagombana naye. Tumu aliniambia nimngoje.

Walikuja na madebe, mitungi, sufuria, beseni za kuogeshea watoto. Mwalimu Priscilla aliwaleta wanafunzi wote wa ngumbaru, wakajipanga mstari kutoka birikani hadi njiani wakipitishiana ndoo. Kiponda alikuja kutoka Gongoni, akavuta kamba mpaka vidole vyake vikatoka damu. Wote walinisifu. Walisema Bi Mishi ana imani, katoa maji ya mwaka mzima kwa ajili ya mwanawe.

Ni sadaka kweli, Mungu aipokee. Lakini nikiwa naandika ninavyohisi, basi niandike yote. Nilitaka birika tupu.

Jumatatu, 7 Julai

Awadh kashuka, kafuta kuta kwa tambara, kafuta sakafu. Nimeacha wazi jua liingie. Mlizamu nimeugeuza nje mwenyewe.

Jumanne, 8 Julai

Leo asubuhi Awadh alipiga kofi lake. Nilihesabu mimi, kwa sauti, yeye yuko chini. Sita.

Aliteremsha spika kona ile ile, maikrofoni kona ile ile. Kuku tumewafungia. Nilimwambia nyimbo hizi nne azitoe, aandike jina lake mamake kwa herufi kubwa, na mtu wa mtaani mwenye neno aje alilete kwangu. Nikamwambia na ile sauti yangu asiikate.

"Itasikika, Bibi. Watu watacheka."

"Yeye alicheka."

Nilikaa chini kwenye mdomo wa birika, nikaweka mkono juu ya jiwe. Kinanda kikaanza. Tumu akavuta pumzi, na birika likaichukua ile pumzi, likaifanya ndefu, kama ya mtu asiyekuwa na ugonjwa wowote. Kila neno lilifika kwanza, ndipo kivuli chake kikafuata, vile nilivyowafundisha. Ubeti wa kwanza ukapita. Kisha nikajisikia nikifoka juu ya ile ndoo, na sauti yangu ikazunguka kule chini katika kuta za chokaa, na haijakwisha bado kicheko chake kikaingia juu yake, vikawa vinazunguka pamoja. Jiwe lilikuwa linatetemeka chini ya mkono wangu.

Nilisema lile la kuomba radhi. Nililisema polepole, nje ya birika, lisiingie kwenye maikrofoni.

Akaimba ubeti wa pili. Akafika kwenye neno la mwisho, akaliacha.

Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sauti iliishia kwenye sita. Mimi nikaendelea kuhesabu.